Mwaridi Mfupi Katika Ua wa Mkunazini: Dalili Nne, Chungu Kimoja

Swali la msomaji: "Assalamu alaykum, Maalim. Julai ya mwaka jana nilinunua mwaridi mfupi wa jamii ya haibridi tii, nikauhamishia katika chungu cheusi cha plastiki uani kwetu Mkunazini, karibu na ukuta. Ua wenyewe ni hatua tano kwa nne. Ulitoa maua mekundu makubwa mara mbili, lakini tangu Disemba maua yamekuwa madogo, yamepauka, na hupukutika siku ya pili tu. Sasa masika yameingia, majani ya chini yana madoa meusi na yanaanguka, ya juu yamekuwa manjano, na kingo za mengine zimekauka kama zilizoungua. Namwagilia kila jioni kwa maji ya kisima cha nyumba, na kwa shauri la jirani naupa majivu na maganda ya mayai. Je, niung'oe? Na je, waridi hili linafaa kutengenezea marashi?"

Waalaykum salaam, mwanangu. Usiung'oe. Ulichokieleza si ugonjwa mmoja bali ni dalili nne, kila moja na chanzo chake, na kwa kuwa zimekutana katika chungu kimoja zinaonekana kama balaa moja. Maua kuwa madogo ni kazi ya msimu, majani ya juu kuwa manjano ni kazi ya chokaa, kingo kuungua ni kazi ya chumvi iliyomo katika maji, na madoa meusi yanatokana kwa sehemu kubwa na ile saa ya jioni unayomwagilia. La msimu huliwezi, ila unaweza kulipangia. Hayo matatu mengine yamo mikononi mwako, na mawili kati yake yanarekebishika wiki hii hii.

Kwanza uujue mti uliounao. Haibridi tii ni machotara waliopatikana kwa kuchanganya miwaridi ya chai, yenye asili ya China, na miwaridi ya Ulaya yenye maua makubwa na mashina ya nguvu. Chotara anayehesabiwa kwa kawaida kuwa wa kwanza ni 'La France', aliyetolewa na mzalishaji wa miwaridi Guillot huko Ufaransa mwaka 1867. Jina la chai linaelezwa kuwa limetokana na harufu ya maua ya wale mababu wa China, iliyofananishwa na harufu ya majani ya chai, kwa hiyo wanaomimina machicha ya chai chunguni kwa kuamini kuwa mti unayahitaji kwa sababu ya jina lake wanajisumbua bure. Kutokana na ukoo huo wa China mwaridi wako umerithi tabia ya kuchanua mara kwa mara na kutolala usingizi wa mwaka pale pasipo baridi. Vitabu vingi vya miwaridi vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambazo mti hupukutisha majani yote na kulala miezi kadhaa, na ushauri wake wa kukata mashina mpaka karibu na ardhi ukifuatwa hapa Unguja unaweza kuumaliza mti.

Aina fupi kama yako hukua kufikia sentimita 60 hadi 90, ilhali ndugu zake wa kawaida humfikia mtu kifuani au zaidi. Ua lakini halikupunguzwa kwa kiasi hicho: bado ni ua kubwa, moja juu ya kila kikonyo kirefu, lenye tumba lililochongoka. Maana yake ni kwamba mti huu ni tajiri wa maua lakini ni maskini wa majani, na majani ndiyo jiko linalopika chakula cha ua. Mwaridi mkubwa ukipoteza majani 20 hausikii. Wako ukipoteza 20 umepoteza robo ya jiko lake, pengine zaidi. Yote nitakayokushauri, kuanzia maji hadi mkasi, yanarudi hapo: linda jani.

Sasa nije kwenye maua yaliyopungua. Bila shaka umewahi kuona mashada ya mawaridi yanayoletwa kwa ajili ya harusi, yenye vikonyo virefu na maua makubwa kama ngumi ya mtoto. Mawaridi ya namna hiyo hulimwa nyanda za juu, kama pale Naivasha, Kenya, ambapo ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, au katika mashamba ya Arusha, mji ulio karibu mita 1,400. Huko mchana kuna jua la kutosha na usiku kuna ubaridi. Mwaridi hupika sukari mchana na kuitumia usiku. Usiku ukiwa wa baridi matumizi huwa madogo na tumba hujengeka polepole, petali juu ya petali. Kwetu mwezi wa Februari mchana hufika nyuzijoto 32 au 33, na usiku ni nadra kushuka chini ya 24. Mti hutumia usiku sehemu kubwa ya kile ulichokichuma mchana, tumba hukimbilia kufunguka kabla halijajaa, na wekundu hufifia kwa sababu joto hupunguza utengenezwaji wa rangi yenyewe. Ongeza na kuta za mawe za Mji Mkongwe, ambazo hunywa joto la mchana na kulitoa usiku kucha, utaona kwamba mwaridi ulioko kando ya ukuta haupati usiku kabisa. Kwa hiyo maua ya Januari na Februari usiyahesabie kuwa kosa lako, na wala usiongeze mbolea kwa kudhani mti una njaa. Msimu wa waridi kwetu ni kipupwe, kuanzia Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, upepo wa kusi unapopoza visiwa.

Majani ya manjano yanataka kusomwa kwa utulivu, kwa sababu rangi ni moja lakini maana ni tatu. Chuma jani moja la juu kabisa, jipya, ulinyanyue lielekee mwanga. Ikiwa nyama ya jani imekuwa manjano huku mishipa imebaki kijani, kama mchoro wa wavu wa kijani juu ya kitambaa cha manjano, hapo mti umekosa madini ya chuma. Ikiwa yanayogeuka manjano ni majani ya zamani, jani zima na mishipa yake, umekosa naitrojeni. Na ikiwa umanjano unazunguka doa jeusi, huo ni ugonjwa, nitauzungumza mbele. Kwa maelezo yako, ya juu ni yale ya kwanza.

Chuma huenda kimo tele katika udongo wako, ila kimefungwa. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu hupungua) ya 6 hadi 6.5; pH ikipanda kupita 7 madini ya chuma hushikana na udongo na mizizi hushindwa kuyachukua. Sasa hesabu vitu vinavyopandisha pH chunguni mwako. Majivu yanapandisha. Maganda ya mayai ni chokaa tupu, ingawa huyeyuka polepole mno hata madhara yake ni madogo. Maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe huja na chokaa yake. Na ukuta wenyewe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa chokaa, kila mvua ikinyesha hutiririsha unga mweupe chini. Jirani yako hakukudanganya. Majivu ni dawa nzuri katika udongo mchachu, na mchicha wake pengine unayashukuru. Ila udongo wako haukuhitaji msaada huo. Nami niliwahi kupanda miwaridi mitatu ardhini kando ya ukuta wa nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, na ilipodhoofika nikaipa samadi zaidi na zaidi. Siku niliyoing'oa nilikuta mizizi imelala juu ya vifusi vya chokaa vya mafundi wa zamani, shubiri moja tu chini ya udongo mweusi niliokuwa nikijivunia.

Tiba yake ni hii. Acha majivu na maganda leo. Chungu kisogeze nusu mita kutoka ukutani. Kisha tafuta kwa wauzaji wa pembejeo dawa ya chuma ya kumwagia kwenye udongo, lakini usome pakiti: ile yenye herufi EDDHA hufanya kazi hata katika udongo wenye chokaa, ilhali yenye herufi EDTA huanza kushindwa pH inapopita 6.5 hivi, na utakuwa umetupa fedha. Majani machanga yatakayotoka baada ya hapo ndiyo yatakayokuonyesha matokeo, kwa kuwa yaliyokwisha kuwa manjano sana mara nyingi hayarudi. Salfa ya unga hushusha pH, ila kwa miezi, kwa kuwa inategemea vijidudu vya udongoni kuigeuza, na penye vipande vya chokaa haifui dafu.

Kuhusu kingo zilizoungua, onja maji ya kisima chako. Visima vingi vya mjini vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na hata pale ambapo ulimi hauisikii, mwaridi huisikia, kwa kuwa ni miongoni mwa mimea isiyostahimili chumvi. Mti hunywa maji na kuiacha chumvi. Kila jioni unaongeza nyingine, na hakuna kinachotoka. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu, hiyo ndiyo. Masika ni rehema hapa: tega ndoo na mapipa chini ya michirizi ya paa, ukiacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, na maji hayo yawe ya mwaridi peke yake. Yakiisha, maji ya mfereji huwa afadhali kuliko ya kisima cha chumvi. Na kila unapomwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Ukitia lita tano, karibu lita moja itoke kwenye matundu, ichukue chumvi yake iende. Kumwaga kikombe kimoja kila siku, kama wengi wafanyavyo kwa huruma, ndiyo njia ya hakika ya kuujaza mti chumvi. Kabla ya kumwagilia ingiza kidole mpaka kiungo cha pili: kukiwa na unyevu, acha.

Kwa chumvi hiyo hiyo nakuonya juu ya usumba. Makumbi ya nazi yaliyosagwa au kuchambuliwa ni kitu kizuri cha kulegeza udongo wa chungu, na sisi hatuna uhaba wa nazi. Lakini usumba wa kusokotea kamba, ule ambao akina mama wa vijiji vya pwani huufukia makumbi yake kwenye tope la bahari kwa miezi mpaka yaoze nyama, umelala ndani ya chumvi muda wote huo. Ukiupata, uroweke katika maji matamu, umwage, uroweke tena, mara tatu au nne, ndipo uutie chunguni. Mchanga wa pwani usiuguse kabisa, kwa kuwa una chumvi na vipande vya makombe, ambavyo ni chokaa.

Chungu kiwe na kipenyo cha sentimita 40 na kina cha 40, kikae juu ya matofali mawili ili matundu yapumue. Hicho cheusi cha plastiki kwenye jua la uani hupika mizizi ya pembeni. Cha udongo wa kufinyangwa ni bora, na kama huna, ingiza cheusi ndani ya kingine kikubwa zaidi. Mchanganyiko ninaoutumia mimi ni debe mbili za udongo mwekundu wa shamba, ule wa kinongo, debe moja ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyokaa mpaka ikaacha kunuka, na debe moja ya makumbi yaliyokatwakatwa au usumba ulioroweka. Samadi ya kuku ni kali na ina chumvi nyingi, iachie mpapai. Chini ya shina la mwaridi wako utaona nundu, mahali ulipobebeshwa juu ya shina la mwaridi mwingine. Nundu hiyo ibaki juu ya udongo. Chipukizi lolote linalotoka chini ya nundu ni la yule mwingine, nalo ni mnyonyaji. Lishike karibu na linapotokea ulinyofoe kwa nguvu, kwa sababu ukilikata kwa mkasi litarudi likiwa na wenzake.

Mwaridi hutaka saa sita za jua kwa siku, nawe unaishi ndani ya kisima cha kuta. Chukua chaki, na kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, kila baada ya saa moja, chora mstari sakafuni pale kivuli kinapoishia. Jioni utakuwa na ramani. Ila ramani hiyo ni ya mwezi mmoja tu, na jambo hili wengi hawalijui: Zanzibar ipo nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na mwezi Disemba liko upande wa kusini. Ukuta wa kaskazini wenye kimo cha mita nne hutupa kivuli cha zaidi ya mita mbili adhuhuri ya Juni. Basi wakati wa kipupwe chungu kikae upande wa kusini wa ua, na kuanzia Novemba kihamie upande wa kaskazini. Kama saa sita nzima za jua hazipatikani popote, chagua mahali panapopata jua la asubuhi, hata likiwa la muda wa saa tano tu, uliache la alasiri, kwa sababu jua la asubuhi hukausha umande kwenye majani na lile la alasiri huunguza petali. Uwezo huu wa kuhama ndio unaonifanya nipendelee chungu kuliko kuvunja sakafu ya ua.

Nije kwenye madoa meusi, ambayo kwa masika haya ndiyo yatakayokusumbua zaidi. Doa lenyewe ukilitazama kwa karibu utaona kingo zake si za duara safi, zina nyuzi nyuzi kama wino uliodondoka kwenye karatasi ya kunyonya. Ni kuvu. Mbegu zake ndogo husafiri kwa matone ya maji yanayoruka kutoka jani lililoanguka kwenda jani la chini, na ndiyo maana ugonjwa hupanda kutoka chini kwenda juu. Zikifika juu ya jani zinahitaji unyevu wa saa saba hivi mfululizo ili ziingie, na joto la nyuzi 24 ndilo zinalolipenda. Unapomwagilia jioni na kulowesha majani, unazipa usiku mzima wenye joto hilo hasa. Mvua huwezi kuizuia, lakini mkono wako unaweza: mwagilia alfajiri au asubuhi, kwenye udongo, kwa kopo lenye mdomo mwembamba, bila kugusa majani.

Kwa sasa chuma majani yote yenye madoa, na okota kila lililoanguka, hata lile lililojificha nyuma ya chungu; yafunge mfukoni uyatupe, usiyatie kwenye mboji. Najua nimesema linda jani, nawe utaniuliza vipi tena nakwambia uyachume. Jani lenye doa haliponi, dawa yoyote utakayopiga, na litaanguka ndani ya siku chache baada ya kuwaambukiza jirani zake. Usiyachume yasiyo na doa hata yakiwa manjano, kwa kuwa bado yanapika kidogo. Funika udongo kwa makumbi au nyasi kavu, unene wa vidole vitatu, ili mvua isirushe tope. Ukiona mashina yamesongana katikati, toa moja jembamba ili upepo upite. Dawa za ukungu zenye shaba hufaa kukinga majani mapya yanayotoka, kwa kipimo cha kwenye kibandiko na si kwa kukisia. Zenye salfa uziepuke mchana ukizidi nyuzi 30, kwa kuwa huunguza majani.

Wakati wa kiangazi adui hubadilika. Karibu na ukuta wa joto na pasipo mvua hutokea utitiri mwekundu, mdogo kiasi kwamba utaona tu majani yamepauka kwa vitone vya vumbi. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, uligonge kwa kidole, usubiri. Vitone vikianza kutembea, ndio wenyewe. Rusha maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, siku tatu mfululizo, na jani likauke kabla ya adhuhuri. Usikimbilie dawa ya mbu au ya mende iliyoko nyumbani: huua wadudu wanaokula utitiri na kuuacha uzaane kwa raha. Kwa vidukari vinavyokaa kwenye matumba, vidole vyako vinatosha. Vikizidi, ponda gramu 50 za kokwa za mwarobaini, ziroweke usiku kucha katika lita moja ya maji, uchuje, utie sabuni kidogo ili ishike, upige alasiri jua likishapoa, majani yakauke kabla ya giza.

Mbolea si jambo kubwa. Kiganja cha mboji kila mwezi, na ukipenda kijiko kimoja kidogo cha NPK, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu, kilichoyeyushwa katika ndoo ya maji kila wiki mbili wakati mti unapochipua, basi. Wakati wa kiangazi kikali punguza au acha.

Mkasi ndio utakaokupa maua ya kipupwe, na hapo nakuomba subira. Usiukate mti sasa katikati ya mvua, kwani chipukizi laini katika masika ni chakula cha kuvu. Ngoja mwisho wa Mei au siku za kwanza za Juni, mvua zikipungua. Noa mkasi, uusafishe kwa spiriti. Ondoa kwanza vijiti vilivyokufa, kisha vinavyokwaruzana, na mashina yaliyobaki uyapunguze theluthi moja tu, yabaki na majani. Mahali pa kukata hapachaguliwi kwa urefu bali kwa jicho. Shuka na shina mpaka ulione jani lenye vijani vitano, na kwenye kwapa la jani hilo pana kijicho chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Chagua lile linalotazama nje ya mti, ukate nusu sentimita juu yake, kwa mshazari unaoteremkia upande wa pili ili maji yasilalie jicho. Ukikata juu sana, kipande kitakauka na kuoza kurudi chini. Ukikata karibu mno, jicho litakufa. Baada ya wiki moja au mbili jicho litavimba na kutoa chipukizi la rangi ya damu ya mzee, wala usishtuke, ndiyo rangi yake likiwa changa.

Kutoka mkasi hadi ua ni wiki sita hadi saba kwa hali ya hewa ya kipupwe, kwa hiyo ukikata tarehe 1 Juni utarajie maua katikati ya Julai. Hesabu hiyo hiyo hukuwezesha kupata maua kwa siku unayoitaka: kama una harusi ya Agosti, au Idi imeangukia kipupwe, rudi nyuma siku 45 ukate, ukikumbuka kwamba kwa kalenda ya Hijri Idi huja mapema zaidi kwa siku 11 hivi kila mwaka. Ua likinyauka likate kwa namna ile ile, juu ya jani la vijani vitano, na usichukue kikonyo kirefu kwa ajili ya kupamba. Kila sentimita ya kikonyo inaondoka na majani yake. Matumba mawili au matatu ya kwanza yatakayotoka baada ya kupogoa, kwa kuwa mti umedhoofika, yatoe yakiwa bado madogo kama punje ya mbaazi. Inauma, lakini maua yatakayofuata yatakuwa makubwa. Kuanzia Disemba usipogoe tena. Ondoa maua makavu tu, uache mti na majani yake upite kiangazi.

Lililobaki ni marashi. Marashi mawaridi tunayoyanyunyizia wageni kwa mrashi kwenye maulidi na harusi hayatokani na haibridi tii, bali na waridi la Dameski, ambalo ni mti mwingine. Huko Oman hulimwa kwenye vijiji vya Jebel Akhdar, karibu mita 2,000 juu, ambako kuna baridi ya kweli, na huvunwa mara moja kwa mwaka kati ya Machi na Mei. Huchumwa alfajiri kabla jua halijapandisha harufu ikapotea, na ili kupata kilo moja ya mafuta yenyewe huhitajika kilo 3,000 za petali au zaidi. Chungu chako hakiwezi, hata kingekuwa cha Dameski, kwa kuwa mti huo hapa pwani hupata majani na kukataa maua. Ukitaka harufu ya waridi nyumbani, kata ua moja asubuhi likiwa nusu limefunguka, uliweke ndani ya glasi ya maji chumbani mbali na feni. Petali zake unaweza pia kuzichanganya na asumini katika kikuba, mradi mti huo hujaupiga dawa. Kama umepiga, ziwe za kutazamwa tu, na zisiingie katika maji ya kunywa wala chakula cha mtu yeyote.